Presha si mapigo ya moyo: Somo la lugha nililolipata juu ya baiskeli

Kwa muda wa wiki tatu mwaka huu niliacha kumeza vidonge vya presha kwa sababu ya neno moja. Nalisema hili kwa aibu. Mimi ndiye yule anayeutumia ukumbi huu kuwakosoa wenzake wanaochanganya 'adhimu' na 'adimu', au 'kitivo' na 'idara'. Kumbe nami nilikuwa na mchanganyiko wangu, na wangu ulikuwa wa hatari zaidi.

Kisa kilianza hivi. Nina umri wa miaka 54, nakaa Donholm, na kazi yangu ni ya kuketi. Daktari aliponiambia kwamba nina shinikizo la juu la damu, alinipa vidonge na kunihimiza nifanye mazoezi. Nikanunua baiskeli, si ya mashindano wala si ile nzito ya kale tuliyoiita Black Mamba, bali baiskeli ya kawaida yenye gia. Mara nne kwa wiki, kabla ya jua kuchomoza vizuri, nikawa natoka mtaani hadi Outer Ring Road, nafuata njia ya waenda kwa miguu na baiskeli kuelekea Allsops, kisha narudi. Mwanangu akaninunulia saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo.

Mwezi wa kwanza, saa ilinionyesha kwamba nikiwa nimetulia moyo wangu hupiga mara 78 kwa dakika. Kufikia mwezi wa sita tarakimu hiyo ilikuwa imeteremka hadi 68. Nilimweleza fundi wa baiskeli aliye karibu na lango letu, naye akacheka: "Mwalimu, tizi imeingia! Sasa uko fiti." Nami nikarudi nyumbani nikamtangazia mke wangu, "Presha imeshuka." Vidonge nikaviweka kabatini.

Wiki tatu baadaye kichwa kilinigonga siku mbili mfululizo. Nikaingia kwenye duka la dawa mtaani, au kemisti kama tusemavyo, wakanifunga ile mashine ya mkononi. Tarakimu tatu zikatokea, moja juu ya nyingine: 158, 96 na 68. Nikaonyesha ile ya mwisho kwa fahari. "Si unaona? Sitini na nane. Imeshuka." Mhudumu, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, hiyo ya chini ni mapigo. Presha ni hizi mbili za juu. Na ziko juu sana. Dawa unakunywa?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba mjadala wa istilahi si mchezo wa wasomi.

Tuanze na neno lenyewe. 'Presha' tumelitohoa kutoka Kiingereza. Kiswahili sanifu kina 'shinikizo la damu', lakini ni nadra kulisikia nje ya wodi na taarifa ya habari. Mtaani tunasema 'ana presha', nasi tunamaanisha kwamba anaugua. Kwa kusema hivyo tumegeuza jina la kipimo kuwa jina la ugonjwa, ilhali kila mtu aliye hai ana presha. Asingekuwa nayo, damu isingefika ubongoni. Isitoshe, presha hiyo hiyo tunaitumia kwa mambo ya maisha: 'kazi ina presha', 'usinipe presha'. Neno lililobebeshwa mizigo mingi hivi halina budi kuangusha mmoja njiani.

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu huisukumia mishipa inamopita. Hupimwa kwa milimita za zebaki. Tarakimu ya juu ni nguvu iliyopo moyo unapojikaza kusukuma, na ya chini yake ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea kati ya pigo moja na jingine. Ikiwa vipimo vya kliniki vinajirudia kuwa 140 juu ya 90 au zaidi, kwa kawaida madaktari huhesabu kwamba shinikizo liko juu. Mapigo ya moyo ni jambo jingine kabisa. Ni hesabu ya mara ngapi moyo umejikaza katika dakika moja. Moja ni nguvu, nyingine ni idadi. Mtu anaweza kuwa na mapigo ya polepole na shinikizo la kutisha, kama nilivyokuwa mimi siku ile.

Neno 'mapigo' nalo lina historia yake. Katika lugha ya magazeti 'pigo' ni hasara au msiba, na katika Biblia mapigo ni yale yaliyoishukia Misri. Ndiyo maana wapo wanaosema 'mpigo' au 'mdundo wa moyo' ili kuepuka nuksi hiyo. Mimi sioni haja ya kuyakimbia 'mapigo', mradi tu tutofautishe mapigo yenyewe na kasi yake. Saa yangu haipimi mapigo tu. Hupima kasi ya mapigo, yaani idadi kwa dakika. Halafu kuna 'mshipa', neno tunalolitumia kwa njia itokayo moyoni, njia irudiyo moyoni, na hata neva. Ukimwambia mgonjwa 'una shida ya mshipa', atakwenda nyumbani akiwaza ngiri.

Sasa, kwa nini kasi ya mapigo yangu ilishuka, ikiwa si presha iliyoshuka? Mkazi wa Eastlands ataelewa haraka kwa mfano wa maji. Mifereji ikikauka, tunachota kwa mitungi. Mwenye mtungi wa lita 10 atakwenda kisimani mara mbili kupata kile ambacho mwenye mtungi wa lita 20 hukipata kwa safari moja. Mwili wa mtu mzima aliyepumzika huhitaji takriban lita 5 za damu kwa dakika. Moyo unaosukuma mililita 70 kwa kila pigo utapiga mara 70 na kitu ili kutimiza kiasi hicho. Moyo uliozoea mazoezi, ambao chumba chake hujaa zaidi na kujikaza vyema zaidi, unaweza kusukuma mililita 100 kwa pigo, kwa hiyo mapigo 50 yanatosha. Mtungi umekuwa mkubwa, safari zimepungua.

Madaktari huchukulia kwamba mtu mzima aliyetulia anafaa kuwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha wa mbio ndefu na waendesha baiskeli hodari huteremka hadi 40 na kitu bila ubaya wowote. Lakini 45 ya mwanariadha haifanani na 45 ya mzee asiyefanya mazoezi ambaye anaona kizunguzungu. Huyo wa pili anafaa kumwona daktari leo, asingoje kesho. Pia kuna baadhi ya dawa za presha ambazo kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo kasi. Anayezitumia asijilinganishe na jedwali lolote la mapigo kabla ya kumuuliza aliyemwandikia.

Kupima kasi hiyo hakuhitaji saa ya bei. Asubuhi kabla hujaondoka kitandani, weka ncha za vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu kwa sekunde 30 kisha uzidishe kwa mbili. Usitumie kidole gumba chenyewe kwani kina mpwito wake. Andika. Tarakimu ya siku moja haina maana kubwa, maana usingizi mchache, kikombe cha kahawa, homa au joto huipandisha. Mwelekeo wa wiki na miezi ndio unaozungumza.

Tukipanda baiskeli, swali hubadilika: moyo upige kwa kasi gani ndipo mazoezi yafae? Kanuni iliyoenea tangu mapema miaka ya 1970 ni kutoa umri wako kwenye 220 ili kukisia kilele cha mapigo. Kwangu mimi, 220 kutoa 54 ni 166. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza kanuni nyingine: 208, ukatoa asilimia 70 ya umri. Kwa hesabu hiyo kilele changu ni 170. Zote mbili ni makisio ya wastani wa watu wengi. Wawili wenye umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 10 au 20 na wote wakawa wazima. Aidha, asiyezoea baiskeli aghalabu hawezi kufikia juu ya baiskeli kilele kile ambacho angekifikia kwa kukimbia, kwa sababu miguu huchoka kabla ya moyo. Kwa hivyo kijana wa mtaani aliyeniambia, "Saa imesema max yangu ni 195, lazima nifike," alikuwa amekigeuza kisio kuwa amri.

Chama cha Moyo cha Marekani hueleza kwamba mazoezi ya wastani huupeleka moyo kwenye asilimia 50 hadi 70 ya kilele, na mazoezi makali asilimia 70 hadi 85. Kwangu mimi wastani ni mapigo 83 hadi 116, na ukali ni 116 hadi 141. Lakini angalia kasoro: nikiwa nimeketi tu tayari niko 68. Ndiyo maana mwaka 1957 Karvonen na wenzake nchini Ufini walipendekeza tuhesabu akiba, yaani tofauti baina ya kilele na mapigo ya mapumziko. Akiba yangu ni 166 kutoa 68, sawa na 98. Nusu yake ni 49. Nikiijumlisha na 68 napata 117. Hapo hesabu imemtazama mtu aliyepo, haikumtazama umri wake peke yake. Nalipenda neno 'akiba'. Linatukumbusha kwamba moyo nao una benki yake, na mazoezi ni kuweka, si kutoa.

Hata hivyo, kipimo ninachokipenda zaidi ni cha maneno. Msomi wa Uswidi, Gunnar Borg, alitunga mizani inayoanzia 6 na kuishia 20, ambapo mtu husema mwenyewe jinsi kazi inavyomlemea: nyepesi, ngumu kiasi, ngumu, ngumu sana. Mizani ilianza kwa 6 kwa sababu ukizidisha namba uliyoitaja kwa 10 unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mzima. Yaani neno lililochaguliwa kwa uangalifu linaweza kukaribia kazi ya mashine! Swali kwetu watu wa lugha ni hili: je, Kiswahili kina ngazi za kutosha?

Kinazo, na za kupendeza. Mtu aliyetulia hupumua. Akianza kupanda kilima huhema. Akizidi, hutweta. Vitenzi vitatu, ngazi tatu. Ukiwa unapumua tu, baiskeli inakubembeleza. Ukihema bila kutweta, uko kwenye mazoezi ya wastani. Ukitweta, umeingia makali. Wataalamu husema kwamba katika mazoezi ya wastani mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na katika mazoezi makali hawezi kutamka ila maneno machache kabla ya kuvuta pumzi. Mimi naupima mtihani huu kwa salamu. Nikikutana na jirani nikaweza kumuuliza habari za asubuhi, za watoto na za kazi bila kukatika, niko wastani. Nikimpungia tu mkono na kusema "Poa!", natweta.

Moyo nao una vitenzi vyake, na hapa kuna tofauti ambayo saa haiijui. Sote husema 'moyo unaenda mbio', iwe ni mapenzi, hofu, ngazi za ghorofa ya tano au maradhi. Asubuhi moja matatu iliniminya karibu na kingo za barabara. Saa iliruka kutoka 110 hadi 139, na programu ikanipongeza kwa mazoezi makali. Sikuwa nimefanya mazoezi, nilikuwa nimenusurika! Kwa hali hiyo Kiswahili kina 'kiherehere cha moyo'. Moyo unaopiga kwa nguvu kwa sababu ya kazi hudunda. Unaotetemeka ovyo ovyo husemwa kwamba unapapa au unapapatika. Mgonjwa akimweleza daktari, "Nikiwa nimeketi moyo unapapatika, unakosa mpango," amempa habari muhimu kuliko "moyo unaenda mbio". Na yeyote anayehisi maumivu ya kifua, kuzirai, au kukosa pumzi kusikolingana na kazi anayofanya, ashuke kwenye baiskeli na atafute hospitali. Hapo si pahali pa kujikaza kisabuni.

Tumalizie na neno 'fiti', lile la fundi wangu. Nairobi limekuwa salamu. "Uko aje?" "Niko fiti." Anayejibu hivyo anaweza kuwa na deni, mafua na kiuno kinachouma. Kwa maana ya kitaalamu, wenzetu wa Tanzania husema 'utimamu wa mwili', nami naona tulikubali. Huku kwetu utimamu tumeuachia akili peke yake. 'Siha' na 'afya' ni pana mno. Mtu anaweza kuwa na utimamu wa mwili huku afya yake ina kasoro, nami ni shahidi.

Utimamu unapimwaje? Kipimo cha maabara ni kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akaandamana na David Kinjah kujifunza uendeshaji wa baiskeli huko Kikuyu, na hatimaye akashinda Tour de France mara nne, alipimwa mwaka 2015 akapatikana na mililita 84.6 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Sisi wa kawaida tuko karibu na nusu ya hiyo au chini. Saa zetu hukisia kipimo hicho, hazikipimi. Tena zikivaliwa kwenye mkono unaoshika usukani unaotetemeka, huweza kukosea hata mapigo. Mkanda wa kifuani huwa sahihi zaidi.

Lakini vipo vipimo viwili vya bure. Cha kwanza ni kupita njia ile ile kwa mwendo ule ule kila baada ya mwezi. Ikiwa zamani ulifika ukiwa 135 na sasa unafika ukiwa 122, umeendelea. Cha pili ni kutazama moyo unavyotulia baada ya kusimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watu ambao mapigo yao yalipungua kwa 12 au chini katika dakika ya kwanza baada ya zoezi la juu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Nikiisha kuikokota baiskeli hadi juu ya kivuko cha miguu pale Outer Ring, husimama na kuhesabu. Mwezi wa kwanza nilishuka mapigo 14. Sasa nashuka 25. Jumba la Nairobi limejengwa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo shemeji yangu aliyetoka Mombasa asishangae mtihani huu ukimtweza wiki ya kwanza.

Na presha? Mazoezi ya mara kwa mara kweli huishusha, aghalabu kwa milimita 5 hadi 8 za ile tarakimu ya juu kwa mwenye shinikizo la juu. Hiyo si haba, lakini kwa aliye na 158 haitoshi kumfikisha salama bila dawa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi natimiza kiasi hicho, na bado nameza kidonge kila asubuhi. Havipingani. Polepole ndio mwendo, na mwendo huu una miguu miwili.

Juzi fundi aliniuliza tena, "Mwalimu, presha iko aje?" Nikamjibu, "Mapigo 66. Presha 134 juu ya 84, na dawa nimekunywa." Akatikisa kichwa. "Hizo ni hesabu nyingi, Mwalimu." Nikamwambia ni mbili tu, na kila moja ina jina lake.